Jalada Lisilosema: Askari Mkongwe Anapoomba Kumbukumbu za Vita Zisahihishwe



Nimeombwa nizungumzie wajibu wa mtunza kumbukumbu pale mtu anapodai kwamba jalada lake lina kosa. Ningeweza kuchukua mfano wa hati za viwanja au vyeti vya kuzaliwa, ambavyo wengi wetu tunavishughulikia kila siku. Nimechagua mfano wa mbali kidogo: maombi ya askari wastaafu wa Marekani wanaotaka kumbukumbu zao zisahihishwe ili ziandikwe nishani ya mapigano waliyoistahili. Huko utaratibu umewekwa wazi kisheria na maamuzi hutolewa pamoja na sababu zake, kwa hiyo tunaweza kufuata hatua kwa hatua jinsi karatasi inavyompa mtu heshima yake au kumnyima. Hoja yangu ni moja. Jalada kukaa kimya si ushahidi kwamba jambo halikutokea, na sisi tunaoshika majalada ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kulisema hilo kwa maandishi.

Nianze na nishani yenyewe. Oktoba 1943 Wizara ya Vita ya Marekani ilianzisha beji ya askari wa miguu aliyepigana. Ni kibao cha buluu chenye bunduki ya zamani, na nyuma yake kuna shada la majani ya mwaloni. Masharti yake ni magumu: mhusika awe askari wa miguu kwa kazi yake, awe katika kikosi cha miguu kisichozidi ukubwa wa brigedi, na awe yeye mwenyewe amekuwapo chini ya risasi za adui wakati kikosi chake kikipigana. Mwaka 1944 Bunge la Marekani liliwaongezea wenye beji hiyo dola 10 kwa mwezi. Mwaka 1947 ikaamuliwa kwamba aliyeipata katika Vita Kuu ya Pili anastahili pia medali ya Nyota ya Shaba. Kwa maana hiyo, karani aliyeruka mstari mmoja mwaka 1945 alimnyima mtu nishani mbili.

Na mistari iliruka kwa njia za kawaida kabisa. Fikiria kijana aliyepigana Korea mwaka 1951. Anajeruhiwa, anapelekwa hospitali Japani, kisha anarudishwa nyumbani. Amri ya kombania yake inayotaja majina ya waliopata beji inatoka yeye akiwa amekwisha kuondoka. Hati yake ya kuachishwa utumishi inapigwa chapa kwenye kambi ya Marekani na karani asiyemfahamu, naye anaitia sahihi mbio mbio kwa sababu gari la kwenda kwao linangoja. Anaihifadhi sandukuni. Miaka hamsini baadaye mjukuu anauliza, “Babu, mbona hapa hawakuandika kwamba ulipigana?” Ndipo ombi linapozaliwa. Wazee hawa mara nyingi hawadai fedha. Wanataka karatasi ikubaliane na yale waliyoyapitia kabla hawajafa.

Kabla ya mwaka 1946, aliyetaka kurekebishiwa kumbukumbu alimtegemea mbunge ampitishie sheria ya peke yake bungeni. Bunge lilielemewa na mizigo hiyo, na sheria ya mwaka 1946 ikaruhusu ziundwe bodi za kusahihisha kumbukumbu za kijeshi. Jeshi la nchi kavu lina bodi yake. Wanaoamua ni raia, watatu kwa kila shauri. Mwombaji hujaza fomu namba 149, anaeleza kosa, anaambatisha ushahidi. Anapaswa kuomba ndani ya miaka 3 tangu alipogundua kosa, lakini bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji ikiona haki inadai hivyo. Akishinda, hati yake ya zamani haichanwi. Hutolewa hati nyingine ya masahihisho, namba 215, ikaambatana nayo. Nauheshimu utaratibu huo, maana unaacha kosa lionekane na sahihisho lionekane.

Ugumu uko kwenye uzito wa uthibitisho. Bodi huanza kwa kuchukulia kwamba maofisa walifanya kazi yao ipasavyo na kwamba kilichomo kwenye jalada ni sahihi, mpaka mwombaji athibitishe vinginevyo. Naielewa sababu. Bila kanuni kama hiyo hakuna masjala inayoweza kusimama, kila mwenye neno angebadilisha jalada. Tena wapo waongo. Marekani imewahi kutunga sheria mbili, ya mwaka 2005 na ya mwaka 2013, dhidi ya watu wanaojivika nishani ambazo hawakuzipata. Ile ya kwanza ilibatilishwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 2012. Lakini kanuni ya kuliamini jalada ina sharti ambalo halitajwi vya kutosha: jalada lenyewe liwe lilitunzwa. Serikali ikipoteza karatasi kisha ikamwambia mzee alete karatasi, imemtwisha mzigo wake yenyewe.

Hapo ndipo unapoingia usiku wa tarehe 12 Julai 1973. Katika kitongoji cha Overland, karibu na St. Louis, Missouri, moto ulizuka kwenye ghorofa ya sita, ya juu kabisa, ya jengo la kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi wa kijeshi. Ghala halikuwa na mabomba ya kunyunyizia maji. Majalada kati ya milioni 16 na milioni 18 yaliteketea. Waliopoteza zaidi ni askari wa nchi kavu walioachishwa utumishi kati ya tarehe 1 Novemba 1912 na tarehe 1 Januari 1960: asilimia 80 hivi ya majalada ya kipindi hicho yaliungua. Yaani vita viwili vikuu na vita vya Korea. Kwa jeshi la anga, kama asilimia 75 ya majalada ya walioachishwa kati ya Septemba 1947 na Januari 1964 yalipotea, kuanzia jina la Hubbard kwenda mbele kwa mpangilio wa alfabeti.

Ndugu washiriki, naomba tukae hapa kidogo, maana kuna jambo linaloniuma kuliko moto wenyewe. Majalada hayo hayakuwa na nakala, na hayakuwa na faharasa. Kwa hiyo hata orodha kamili ya kilichoungua haipo. Mtu hawezi kuthibitisha kwamba jalada lake lilikuwamo. Wenzetu wa kituo kile walifanya kazi ya kusifiwa: waliokoa majalada yapatayo milioni 6.5 yaliyolowa na kuungua kingo, wakayakausha kwenye vyumba vya kunyonya hewa vya kiwanda cha ndege cha McDonnell Douglas. Kisha wakaanza kujenga upya historia za watu kutoka kwenye karatasi zilizokuwa zimehifadhiwa kwingine: hati za malipo ya mwisho, ripoti za asubuhi ambazo kila kombania iliandika kuonyesha nani yupo, nani kajeruhiwa, nani kahamishwa, na kadi za kulazwa hospitali.

Mwombaji mwenye msaidizi mzuri hujifunza kutafuta huko. Ripoti ya asubuhi ikisema kijana fulani wa kombania fulani, kazi yake bunduki, amejeruhiwa vitani tarehe fulani, na historia ya batalioni ikaonyesha kwamba siku hiyo walikuwa wakishambulia kilima, masharti ya beji yametimia hata kama amri yenye jina lake haionekani. Ushahidi wa wenzake nao una uzito, ila uwe wa mtu aliyeona kwa macho yake na kutaja mahali, siku na tendo. Hati ya kiapo inayosema tu kwamba fulani alikuwa askari hodari haiisaidii bodi kitu. Nawasihi wanaowasaidia wazee wetu popote waliyazingatie haya, maana maombi mengi huanguka kwa maneno mazuri yasiyo na tarehe.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Waverly Woodson. Alikuwa tabibu wa kijeshi, Mmarekani mweusi wa batalioni ya 320 ya maputo ya kuzuia ndege. Tarehe 6 Juni 1944 alishuka kwenye ufuko wa Omaha, Normandy, akiwa amejeruhiwa, na akatibu majeruhi kwa saa 30 hivi. Alipewa Nyota ya Shaba. Jalada lake liliungua mwaka 1973. Hata hivyo, mwandishi Linda Hervieux alipata kwenye maktaba ya Rais Truman waraka mfupi wa wakati wa vita, uliotoka kwa ofisa mmoja kwenda kwa msaidizi wa Ikulu, ukieleza kwamba Woodson alikuwa amependekezwa kwa nishani ya juu na kwamba ofisi ya jenerali iliona anastahili iliyo juu zaidi. Waraka huo ulipona kwa sababu ulikuwa kwenye jalada la mtu mwingine kabisa. Woodson alifariki mwaka 2005. Msalaba wa Utumishi Uliotukuka ulitolewa kwa jina lake mwaka 2024.

Upo upotevu usiohitaji moto. Kapteni Paris Davis, miongoni mwa maofisa weusi wa kwanza wa vikosi maalumu, aliwaokoa wenzake karibu na Bong Son, Vietnam, Juni 1965. Mkuu wake alipendekeza apewe Medali ya Heshima. Karatasi zikapotea. Mwaka 1969 jeshi lenyewe liliona kwamba hakuna kitu kwenye jalada, likaagiza pendekezo liandikwe upya. Nalo likapotea. Medali aliivishwa tarehe 3 Machi 2023. Kwa waliopigana Vita Kuu ya Pili, jeshi liliajiri watafiti wa Chuo Kikuu cha Shaw mwaka 1993 kuchunguza kwa nini hakuna askari mweusi hata mmoja aliyepewa medali hiyo wakati wa vita. Hawakupata amri iliyoandikwa ya kuwanyima. Walipata mazingira ya ubaguzi. Tarehe 13 Januari 1997 watu saba walipewa, na aliyekuwa hai alikuwa Vernon Baker peke yake. Ubaguzi wa namna hiyo hauachi hati. Unaacha nafasi tupu, na asiyejua kusoma nafasi tupu atasema kila kitu kilikuwa sawa.

Lazima niseme pia kwamba si kila aliyekataliwa alionewa na karani. Dereva wa lori au askari wa mizinga aliyeshambuliwa Vietnam hawezi kupata beji ya askari wa miguu, hata awe na mashahidi kumi. Jeshi lilianzisha beji ya vitendo vya mapigano kwa ajili ya askari wa kazi nyingine mwaka 2005, na inahesabu kuanzia tarehe 18 Septemba 2001 tu. Utepe wa jeshi la majini unaofanana na beji hiyo, uliozinduliwa mwaka 1969, ulirudishwa nyuma kisheria hadi Vita Kuu ya Pili. Kosa hapa liko kwenye kanuni, na mzee anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, kwa lugha anayoielewa, ili ajue mlango wa kubisha ni wa wabunge.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina sura nzito zaidi. Ripoti ya mwaka 2021 ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Askari wa Missouri ana jalada la kubishana nalo, hata kama limeungua kingo. Mjukuu wa mpagazi wa vita hivyo aliyefia njiani hana fomu namba 149 ya kujaza, kwa kuwa masahihisho huhitaji kwanza kuwe na kitu kilichoandikwa.

Wala tusidhani kompyuta zimetuokoa. Mwaka 2012 waandishi wa ProPublica na Seattle Times walifichua kwamba vikosi kadhaa vya Marekani vilivyopigana Irak na Afghanistan havikuwa na kumbukumbu za uwanjani. Vingine vilifuta kompyuta zao kabla ya kurudi nyumbani. Kuanzia mwaka 2009 jeshi la nchi hiyo liliandikisha kwa muda wageni wenye lugha lilizozihitaji, Kiswahili kikiwamo, kwa hiyo miongoni mwa watakaoomba kesho wamo ndugu zetu. Tuwaambie leo watunze nakala za amri zao na waandikishe viapo vya wenzao wangali hai.

Na kwetu wenyewe, pendekezo langu kwa semina hii ni hili. Jibu la masjala lisiishie kwenye maneno “hakuna kumbukumbu”. Liseme ni majalada gani yalitafutwa, ya miaka ipi, yapi yalipotea na kwa sababu gani, na ni wapi kwingine karatasi hiyo ingeweza kuwa. Sheria ya Marekani sasa inaitaka bodi imweleze mwombaji ni hati gani hasa inayopungua, na ifanye juhudi za kuzitafuta kumbukumbu za utumishi na za matibabu asizoweza kuzipata mwenyewe. Naomba nasi tuandike sharti hilo kwenye mwongozo wetu wa kazi, pamoja na jina la ofisa anayewajibika kulitimiza.