Nchi moja, mipaka miwili

Machi 2022, kina mama wa Poland waliacha vigari vya watoto kwenye stesheni ya treni ya Przemyśl, wenzao wa Ukraine waliokuwa wakishuka na vichanga mikononi wavichukue. Umoja wa Ulaya nao ukafufua sheria ya 2001 ambayo haikuwahi kutumika: kibali cha kuishi, kazi, shule, bila foleni ya kuomba hifadhi. Kumbe inawezekana! Upande wa Belarus, Poland hiyohiyo ilikuwa ikijenga ukuta wa chuma wa mita 5 na ushee dhidi ya Wasyria, Wairaki na Waafghani. Wa kwanza tuliwaita wakimbizi. Hawa, wahamiaji haramu, nasi watangazaji tukakariri. Ukuta ulikamilika Juni mwaka huohuo.