Mintarafu ya Kuchagua Njia ya Kusafisha Maji Taka katika Shule ya Bweni ya Mwambao



Nimetakiwa nieleze jinsi ya kuchagua njia ya kusafisha maji taka kwa kazi ya bakteria mahali padogo pasipo na mhandisi wa kudumu. Na ili nisizungumze kwa jumla mno, nitachukua mathalan shule ya bweni ya wanafunzi 400 katika mwambao wetu, ambako chini ya udongo haba pana jiwe la matumbawe lililojaa matundu, hata maji yaliyoachwa yanywee ardhini huweza kufika visima vya jirani yangali machafu.

Katika njia zote bakteria ndio wafanyao kazi, wakila uchafu ulioyeyuka majini na kuugeuza tope linaloweza kutengwa. Kinachohitilafiana ni namna wapatavyo hewa na namna wazuiwavyo wasichukuliwe na maji. Katika njia ya tope hai, ambayo Edward Ardern na William Lockett waliitangaza huko Manchester mwaka 1914, hewa hupulizwa kwa mashine usiku na mchana, na tope lililotuama hurudishwa kwa pampu. Mtambo ukitunzwa, teka maji yake katika chombo cha kioo, uyaache nusu saa, utaliona tope la hudhurungi likishuka taratibu na kuacha juu yake maji maangavu. Kazi hiyo yastahili heshima.

Lakini shule ya bweni ina tabia zake. Alfajiri wanafunzi wote huoga takriban kwa wakati mmoja, na mkondo huo wa ghafla, ukiingia katika hodhi dogo la kutuamisha, hulisomba tope likatoka nje pamoja na bakteria wote tuliowalea. Kisha huja likizo, na bakteria walionyimwa chakula kwa mwezi mzima hufa wengi wao, hata shule ifunguliwapo yapita majuma kabla mtambo haujarudia hali yake, ilhali wanafunzi wamekwisha rejea kwa siku moja. Tena umeme ukikatika kwa muda mrefu tope huoza, na pampu ikiharibika vipuri aghalabu huagizwa mbali.

Njia ya pili ni mabwawa, ambayo hayana haja ya umeme, nayo joto letu huyafaa sana. Tukikadiria kwamba kila mtu hutoa kwa siku uchafu unaohitaji gramu 40 za oksijeni, wanafunzi wetu watatoa kilo 16. Na kwa nyuzi 25 za Selsiasi hekta moja ya bwawa la mwani huweza kubeba kilo 350 kwa siku, ilhali kwa nyuzi 10 haibebi ila kama kilo 100. Basi mita za mraba 460 zingetosha, mbali na mabwawa ya mwisho ya kupunguza vijidudu vya maradhi. Hata hivyo sipendi maji ya wazi karibu na watoto, na nyasi za kingoni zisipofyekwa mbu huzaliana.

Rai yangu, basi, ni karo la vyumba vitatu, likifuatwa na kitanda cha kokoto kilichozibwa chini barabara na kupandwa matete, njia ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeifanyia utafiti kwa miaka mingi. Maji hupita chini ya uso wa kokoto, kwa hiyo mbu hawapati pa kutagia. Na katika joto letu mita moja hadi mbili za mraba kwa kila mtu hutosha.

Maradhi makubwa ya kitanda hiki ni kuziba, na asili yake aghalabu ni karo lisilonyonywa kwa wakati, tope likafurika na kuingia katika kokoto. Na kokoto zikikwisha kuziba aghalabu hapana dawa ila kuzichimbua na kuziosha. Kwa hiyo mtunzaji na awe na mti mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe, autumbukize karoni hadi chini, autoe polepole, asome alama nyeusi iliyobaki kitambaani: tope likikaribia thuluthi ya kina, gari la kunyonya liitwe hima.

Kikitunzwa hivyo, kitanda huweza kufikia kipimo cha Tanzania cha miligramu 30 kwa lita za oksijeni inayohitajiwa kwa siku 5, lakini naitrojeni nyingi hubaki, nayo ikifika baharini hulisha mwani unaoyasonga matumbawe. Afadhali maji hayo yamwagiliwe minazi na migomba, wala yasikaribie mboga zinazoliwa mbichi.

Pasipo nafasi, kama vile hoteli ndogo katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, nakubali kwamba hapana budi kutumia mtambo wa mashine. Lakini hapo naomba kamati inayonunua mtambo, kabla ya kutia sahihi, iandike katika bajeti ya kila mwaka mshahara wa fundi, mafuta ya jenereta, na pampu ya pili iliyokaa tayari ghalani.