Inveta na Betri: Hesabu Kwanza, Pesa Baadaye

Mazungumzo kwa wakazi wa Kianjai, Tigania Magharibi



Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Tangu hapo wengi wamefikiria kununua inveta na betri. Lakini wapo ambao betri huwazimikia mapema, wakadhani wameuziwa mali mbovu. Mara nyingi kosa si la betri. Hesabu ndiyo haikufanywa.

Inveta haizalishi stima. Hugeuza umeme wa betri, wa volti 12 au 24, uwe wa volti 240 unaotumika nyumbani. Betri nayo ni kama tangi la maji: haitoi zaidi ya kilichowekwa. Mvuvi anayetumia betri kwenye boti Ziwa Victoria analijua hilo, maana akishaondoka ufuoni hana pa kuongezea. Stima ikipotea, kila nyumba huwa kama boti hiyo.

Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 hubeba wati-saa 2,400. Ikiwa ni ya asidi, itumike nusu tu, yaani 1,200, la sivyo huharibika haraka. Inveta yenyewe hula kidogo, kwa hivyo zinabaki kama 1,000.

Taa nne za wati 9 kwa saa tano hutumia 180. Televisheni ya wati 60 kwa saa nne, 240. Simu na intaneti, 80. Jumla ni 500: betri moja inatosha jioni mbili. Lakini birika la stima la wati 2,000 humaliza akiba yote kwa nusu saa. Birika, pasi na koili zisiunganishwe na inveta. Mwenye mgonjwa wa kisukari anayehifadhi insulini apangie friji kwanza, televisheni baadaye. Friji pia huvuta umeme mwingi inapowaka, hivyo inveta ndogo haitaiweza.

Betri mpya isiunganishwe na kuukuu. Fyuzi iwekwe karibu na betri. Betri za asidi zikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Zisiwekwe chumba cha kulala wala karibu na jiko.

La mwisho ni uhai wa mtu. Inveta iliyounganishwa vibaya inaweza kurudisha stima kwenye nyaya za nje, na transfoma ikaipandisha nguvu. Fundi wa Kenya Power aliye juu ya mlingoti, akiamini laini imezimwa, anaweza kufa. Ndiyo maana lazima pawe na swichi inayotenga nyumba na laini ya nje kabla inveta haijawaka.

Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Aulizwe leseni kabla hajashika bisibisi.