Nyumba Imekwisha, Kiwanja Bado

Msikilizaji, fedha za korosho zikilipwa, Nachingwea na Ruangwa nyumba huchipuka kila mtaa. Mkulima aliyeuza kupitia chama chake cha msingi chini ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI hununua saruji, huezeka bati, akahamia. Hongera zao. Lakini nyumba nyingi nzuri zimekaa kwenye uwanja mtupu: jua linawaka ukutani kutwa, na mvua ya kwanza inarusha tope jekundu hadi dirishani.

Kosa huanza siku ya kuchimba msingi. Udongo wa juu wenye rutuba hufukiwa na ule uliotoka chini, kisha zege hukorogwa hapohapo. Hebu chimba futi moja karibu na ukuta. Utakutana na ganda la saruji, vipande vya tofali, misumari. Mche gani utashika humo?

Nachingwea inalijua somo hili la kupuuza udongo. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulifika hapa na matrekta, ukang'oa msitu kabla wenyewe hawajaujua vizuri udongo wala mvua. Mwaka 1951 serikali yao ikaufuta. Fedha na mashine zilikuwepo, ardhi haikusomwa.

Basi wewe unayejenga, kusanya udongo wa juu pembeni kabla ya msingi. Zege likorogwe sehemu moja, na ganda lake lizolewe. Kama umeshahamia, kiangazi hiki ndicho cha kazi. Chimba mashimo, changanya udongo na samadi ya mbuzi iliyooza, tia na majani makavu uliyozoea kuyachoma. Mwembe uupande magharibi, ukukinge na jua la alasiri, lakini uwe mbali na msingi na karo la choo, hatua kumi hivi. Mkorosho uuache shambani, maana unadai mita 12 kati ya mti na mti. Mpapai na mchicha vikae karibu na jiko, vipate maji ya kuoshea mboga.

Msikilizaji, unapopiga hesabu ya bati na rangi, tenga na fungu la uwanja. Watoto wetu hushinda nje, na kivuli ni haki yao. Msimu wetu wa mvua ni mmoja tu kwa mwaka. Mashimo yawe tayari kabla ya Desemba; atakayechelewa atangoja mwaka mzima juani.