Betri Ngapi Zatosha Kijiji?

Natumaini kila mmoja ana kalamu na daftari, maana leo tutapiga hesabu. Si ngumu, ni kuzidisha na kugawanya tu. Mwalimu wa darasa naye aandike ubaoni namba nitakazotaja.

Tuseme kijiji chenu kimechanga fedha kwa miaka miwili. Mnataka umeme wa jua: paneli uwanjani, betri ndani ya banda, na nyaya za kufika nyumba 30 na zahanati. Muuza betri amekuja. Anasema, "Nunueni betri 8, zatosha kabisa." Je, mtajuaje kama asema kweli? Fedha zikitoka hazirudi, na ndani ya friji ya zahanati mna chanjo za watoto wenu.

Watu wengi huanza kwa kuulizana juu ya jua. Mimi nasema anzeni na usiku. Mchana paneli zenyewe hutoa umeme wa kutumia. Betri ni ghala. Kazi yake ni kulisha kijiji jua likiisha kuchwa. Mtu ajengaye ghala la mahindi hujiuliza kwanza watu wake hula kiasi gani mpaka mavuno mengine.

Haya, tuhesabu. Kila taa imeandikwa wati zake. Zidisheni wati kwa saa inazowaka, na jibu lake huitwa wati-saa. Nyumba moja ina taa 3 za wati 6, zawaka saa 4. Tatu mara sita mara nne ni 72. Ongezeni 28 za simu na redio, mwapata 100. Nyumba 30 basi ni 3,000. Friji ya zahanati yala wati 40, tukipiga wastani, tangu saa kumi na moja jioni hata saa moja asubuhi, yaani saa 14. Hizo ni 560. Taa moja ya wati 10 kwa saa hizo ni 140. Zahanati yote ni 700. Taa za njiani ni 5, za wati 20, saa 13: 1,300. Jumlisheni. Usiku mmoja wa kijiji chenu ni wati-saa 5,000.

Mtaniuliza, na mashine ya kusaga? Mashine ya wati 5,000 ikisaga usiku kwa saa moja tu, imekula umeme wa kijiji kizima wa usiku kucha. Kwa hiyo isage adhuhuri. Najua akina mama hupata nafasi jioni, lakini akina baba nao waweza kubeba debe mchana.

Sasa, umeme hupotea kidogo njiani, katika nyaya na katika inveta. Badala ya 5,000 wekeni 5,500. Tena wakati wa masika mawingu yaweza kufunika siku nzima, na paneli zikatoa umeme kidogo tu, pengine wa friji peke yake. Basi wekeni akiba ya usiku mbili: 11,000.

Sikilizeni vizuri hapa, kwa maana hapa ndipo wengi hukosea. Betri za risasi na asidi, kama zile za magari, hazifai kutumiwa mpaka mwisho. Tumieni nusu tu. Nusu ya pili ni kama mbegu: ukila mbegu leo, mwaka ujao hulimi. Betri inayokaushwa kila usiku hufa mapema sana. Basi 11,000 mara mbili ni 22,000.

Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Gawanyeni 22,000 kwa 1,200. Mwapata 18 na kitu, yaani betri 19. Na kwa kuwa hufungwa nne nne ili kupata volti 48, nunueni 20.

Rudini kwa yule muuzaji. Betri zake 8 ni wati-saa 9,600. Kiangazi taa zitawaka nanyi mtashangilia, lakini kila usiku mtakuwa mmevuka nusu bila kujua. Masika yakifika, usiku wa pili ni giza, na chanjo zimeharibika.

Betri za lithiamu zaweza kutumiwa hadi sehemu 8 katika 10. Kwa hizo mngehitaji 13,750 tu. Bei yake ya kwanza ni kubwa, lakini hudumu zaidi. Gawanyeni bei kwa miaka kabla ya kukataa.

Je, tununue nyingi kupita kiasi, tuwe salama? Hapana. Paneli zisipoweza kuzijaza, betri za risasi huharibika kwa kukaa nusu tupu. Tazameni kisiwa cha Ta'u, katika Samoa ya Marekani, chenye watu kama 600. Zamani kiliwasha jenereta kwa dizeli iletwayo na meli. Mwaka 2016 kilipata paneli za kilowati 1,400 na betri za kilowati-saa 6,000. Kilowati-saa moja ni wati-saa 1,000. Waliojenga walisema betri zikijaa zatosha siku tatu bila jua, na saa 7 za jua huzijaza tena. Jaribuni: 1,400 mara 7 ni 9,800. Yapita 6,000, na baki ni ya matumizi ya mchana na upotevu. Kisiwa kilicho peke yake baharini huhitaji siku tatu. Kijiji chenye jenereta ya akiba chaweza kuridhika na usiku mmoja.

Banda la betri liwe na kivuli na madirisha, kwani joto hufupisha maisha yake, na betri za asidi hutoa hewa inayowaka. Msivute sigara humo.

Kazi ya nyumbani: usiku huu andikeni kila taa na kila chombo cha umeme nyumbani kwenu au kwa jirani, wati zake na saa zake. Njoni na jumla, tuanze nayo somo lijalo. Kwaherini.