MAMA WA VIAZI NA KAMPUNI YA DHAHABU
(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa tawi)



Nimepewa dakika chache, basi sitazunguka. Nataka kuwapa habari za mama mmoja wa nchi ya Peru, Amerika ya Kusini, aitwaye Máxima Acuña. Ni mkulima wa viazi, na shamba lake liko Tragadero Grande, katika milima ya Cajamarca penye baridi kali. Yeye na mumewe walilinunua mwaka 1994.

Kampuni ya Yanacocha, ambayo mwenye hisa nyingi alikuwa Newmont ya Marekani, ilitaka kuchimba dhahabu na shaba huko. Mpango huo, ulioitwa Conga, ulikadiriwa dola milioni 4,800. Maziwa 4 yangekaushwa. Kampuni ikadai kwamba hata shamba la mama huyu ni lake, limenunuliwa kwa jumuiya ya kijiji.

Agosti 2011 polisi na walinzi wa kampuni walikuja kuwatoa. Familia yasema ilipigwa; kampuni yakana. Kisha, sikilizeni ndugu, aliyeshtakiwa ni yule mama! Eti amenyakua ardhi. Mahakama ya chini ikamwona na hatia. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini karatasi za ununuzi alizitunza, na wakili Mirtha Vásquez akamsimamia. Desemba 2014 mahakama ya rufani ikamwachilia, na Mei 2017 mahakama ya juu kabisa ikakubali hukumu hiyo.

Wengine husema ameshinda shamba. Sivyo hasa. Kesi ile ilikuwa ya jinai; neno la nani mwenye ardhi liliachiwa kesi nyingine. Tena hakuwa peke yake. Watu wa Cajamarca waligoma na kuandamana, na Julai 2012 watu 5 waliuawa. Mwaka 2016 Newmont ikauweka mpango wa Conga kando. Mama mmoja bila watu wale, sidhani angaliweza.

Sasa sisi. Wengi wetu tuko mjini kwa ajili ya kazi, na shamba la nyumbani hati yake ingali na jina la babu aliyekwisha kufa. Mgeni akija na ramani yake, mke wako atamwonyesha karatasi gani? Ndugu mwenye shida hiyo amwone Katibu leo kabla ya kuondoka, aandikishe jina lake na namba ya shamba, ili tutafute wakili mmoja kwa wote.