Panmunjom: Mgeni Alivuka, Mwenyeji Hakufika



Nimeombwa nizungumze juu ya safari yangu ya Korea ya mwaka 2017, hususan siku niliyopelekwa kuutazama mpaka wa Panmunjom. Nitasema kwanza kama mtalii. Kisha mtaniwia radhi nikirejea uanasheria wangu.

Kutoka Seoul ni mwendo wa kilomita 50 hivi kwa basi. Kabla ya kuingia, kila mgeni alitia sahihi hati ya kukubali kwamba anakwenda mahali pa uhasama, na kwamba aweza kujeruhiwa au kuuawa na adui. Halafu alifundishwa adabu: asinyoshe kidole, asipunge mkono, asivae suruali iliyochanika. Ndipo tukaingizwa katika kibanda cha buluu kilichojengwa juu ya mstari wenyewe. Ndani mna meza, na katikati ya meza zimepangwa maikrofoni; hizo ndizo alama ya mpaka. Nilizunguka meza hatua tatu nne, nikawa Korea ya Kaskazini. Askari wa Kusini, mwenye miwani myeusi na ngumi zilizokunjwa, hakunitazama hata kidogo. Wenzangu walipiga picha. Baada ya dakika chache tukaamriwa kutoka, tukapelekwa dukani kununua fulana.

Sasa sheria. Mkataba wa kusimamisha mapigano ulitiwa sahihi Panmunjom tarehe 27 Julai 1953. Si mkataba wa amani, na serikali ya Seoul haikuutia sahihi. Ibara ya 7 inamkataza mtu yeyote, awe askari au raia, kuuvuka mstari bila idhini maalumu ya tume ya kijeshi. Mtalii aliipata idhini yake. Lakini someni ibara ya 59, ambayo haitajwi na waongozaji wa ziara: raia ambaye tarehe 24 Juni 1950, siku moja kabla ya vita, alikuwa akiishi upande wa pili, akitaka kurudi kwao aruhusiwe na asaidiwe. Asaidiwe! Ibara ya 60 nayo ikapendekeza mkutano wa kisiasa katika muda wa miezi mitatu. Mkutano ulifanyika Geneva mwaka 1954, ukavunjika bila mapatano. Katika ibara hizo tatu, ni ile ya kukataza tu iliyopewa bunduki za kuilinda.

Kusini kulikuwa tayari na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1948, ambayo ingali inatumika. Mwezi wa Machi 1989 Mchungaji Moon Ik-hwan alikwenda Pyongyang bila ruhusa ya serikali yake, akaonana na Kim Il-sung. Aliporudi alitiwa gerezani. Mwaka huo huo mwanafunzi Lim Su-kyung alihudhuria tamasha la vijana huko Pyongyang, na tarehe 15 Agosti akarejea kwao kwa miguu kupitia Panmunjom, akiandamana na padre wa Kikatoliki, Moon Kyu-hyun. Wote wawili walikamatwa. Hatua za binti huyo mpakani zilikuwa chache kama zangu. Mimi niliuziwa tikiti. Yeye alikaa kifungoni hadi mwaka 1992.

Wala Kaskazini si afadhali. Tarehe 13 Novemba 2017 askari wake mmoja alikimbia kuvuka mahali hapo hapo, na wenzake wakampiga risasi. Alinusurika, lakini kwa shida.

Waliobaki ni wazee. Zaidi ya watu 130,000 wa Kusini walijiandikisha kutafuta jamaa zao wa Kaskazini, na wengi wao wamekwisha kufa. Mikutano ya jamaa iliyofufuliwa mwaka 2000 ilifanyika mara ya mwisho mwezi wa Agosti 2018. Waliochaguliwa walikaa pamoja siku chache, wakaagana.

Kusini kidogo ya mstari, mahali paitwapo Imjingak, pana madhabahu ya mawe. Katika mwaka mpya na sikukuu ya mavuno, wale waliozaliwa Kaskazini huja wakaandaa vyakula, wakainama kuelekea makaburi ya wazazi wao wasiyoweza kuyafikia. Karibu na hapo pana bustani ya michezo ya watoto, yenye bembea na muziki. Mabasi ya watalii husimama katikati ya hayo mawili.